E flati meja kwa mpiga kinanda na mwalimu wa kwaya

Wapiga kinanda wengi wa kwaya hufika E flati meja kwa kulazimishwa. Wimbo umeandikwa hivyo, au wapiga tarumbeta wamekuja na kusema hawataki E. Hapo mtu hubonyeza transipozi (kitufe kinachohamisha sauti ya kinanda kizima juu au chini) hadi +3 na kuendelea kupiga C yake ya kila siku. Jumapili inapita salama, lakini siku umeme ukikatika na piano ya ukumbini ikafunguliwa, hakuna cha kubonyeza.

Ufunguo huu una flati tatu tu (flati ni noti iliyoshushwa nusu toni), na vidole vinakaa ndani yake vizuri kuliko watu wanavyodhani. Kinachowasumbua wengi ni kufikiria kwa C kisha kutafsiri kila noti kichwani huku wimbo unaendelea. Ukiijua kwa do re mi yake yenyewe, tafsiri hiyo haihitajiki.

Ngazi na majina yake

E flati ni kibao cheusi kilicho kati ya D na E, cha kulia katika lile kundi la vibao viwili vyeusi. Kutoka hapo panda kwa mpangilio wa ngazi yoyote ya meja: toni, toni, nusu toni, toni, toni, toni, nusu toni. Nusu toni ni hatua ya kwenda kibao cha jirani kabisa, cheupe au cheusi; toni ni hatua mbili za namna hiyo. Unapata E flati, F, G, A flati, B flati, C, D, na E flati ya juu. Nusu toni ziko sehemu mbili, kati ya G na A flati (mi na fa) na kati ya D na E flati (ti na do). Vibao vyeusi ni vitatu: do, fa na so. Shika hilo la do, fa, so, kwa sababu ndizo noti ambazo besi huzipiga muda mwingi wa wimbo.

Baadhi ya vinanda vya umeme huandika "D#" (D shapu, yaani D iliyopandishwa nusu toni) kwenye kioo, na wapiga wengi wamechukua jina hilo. Utakuta karatasi imeandikwa D#, G#, A#, ikimaanisha do, fa, so. Sauti ni ileile, ila maandishi yanavurugika. Ngazi ya meja hutumia kila herufi mara moja, kuanzia A hadi G, bila kurudia wala kuruka. Ukianzia D shapu kwa uaminifu utalazimika kuandika D#, E#, F yenye shapu mbili, G#, A#, B#, C yenye shapu mbili: jumla shapu tisa. Hakuna mwimbaji atakayeisoma, wala mpiga tarumbeta atakayekushukuru. Andika E flati.

Kwenye MuseScore, programu ya kuandikia muziki, kosa hili hujitokeza ukisogeza noti kwa mshale wa juu: D inageuka D shapu. Chagua noti hiyo, bonyeza J, nayo itaandikwa E flati. Bora zaidi, weka alama za ufunguo kabla ya kuingiza noti hata moja.

Kuandika flati tatu mahali pake

Mpangilio haubadiliki: B, kisha E, kisha A. Kwenye mistari ya soprano na alto, flati ya B inakaa mstari wa tatu (wa katikati), ya E nafasi ya nne kutoka chini, ya A nafasi ya pili. Kwenye mistari ya besi, B iko mstari wa pili, E nafasi ya tatu, A nafasi ya kwanza. Anayeandika kwa mkono mara nyingi hunakili mahali pa mistari ya juu na kupaweka chini vilevile, na hapo flati zinaangukia noti nyingine kabisa.

Ukipokea karatasi ya mtu mwingine na hujui ufunguo, angalia flati ya pili kutoka mwisho: jina lake ndilo do. Kwenye flati tatu, ya pili kutoka mwisho ni E flati. Lakini C maina nayo ina flati hizohizo. Itambue kwa noti ya mwisho ya besi, na kwa B zenye alama ya naturali (inayofuta flati) zinazojirudia njiani. Besi ikiishia C, na B naturali zimetapakaa, uko C maina.

Vidole

Hesabu gumba ni 1, kidole kidogo ni 5. Mkono wa kulia ukipanda oktava moja: E flati 3, F 1, G 2, A flati 3, B flati 4, C 1, D 2, E flati 3. Gumba linaangukia F na C, na kidole cha nne kinaangukia B flati. Kanuni hii itakufaa pia katika B flati meja na A flati meja: mkono wa kulia, kidole cha nne ni cha B flati.

Mkono wa kushoto ukipanda: E flati 3, F 2, G 1, A flati 4, B flati 3, C 2, D 1, E flati 3. Hapa gumba linapiga G na D, na kidole cha nne kinavuka juu ya gumba kwenda A flati.

Tatizo la kwanza ni mkono kukaa ukingoni mwa vibao vyeupe kama unavyokaa kwenye C. Kila ukitaka cheusi inabidi mkono mzima usogee mbele, kisha urudi, na ngazi inasikika ikikwaruza. Ingiza mkono ndani, ncha za vidole virefu ziwe tayari juu ya vyeusi, gumba lipige cheupe karibu kabisa na vyeusi. Tatizo la pili huja wakati wa kushuka: wengi hupiga A nyeupe badala ya A flati, kwa sababu wametoka B flati na mkono umeshazoea kushuka kwenye kibao cheupe cha jirani. Piga B flati, A flati, G peke yake, polepole, hadi mkono uache kwenda A wenyewe.

Weka metronomu 60, noti moja kwa kila pigo, mkono mmoja mmoja. Usipokosea mara tatu mfululizo, weka noti mbili kwa pigo. Kuunganisha mikono kuje mwisho, maana magumba hayakutani: la kulia linapiga F na C, la kushoto G na D. Anayeunganisha mapema hushindwa hapo, kisha anaulaumu ufunguo.

Kodi, na jinsi ya kutembea kati yake

Kodi, yaani noti tatu au zaidi zinazopigwa kwa pamoja, ni hizi kwa kufuata ngazi: E flati (E flati, G, B flati), F maina (F, A flati, C), G maina (G, B flati, D), A flati (A flati, C, E flati), B flati (B flati, D, F), C maina (C, E flati, G). Ya saba, juu ya D, hutumika mara chache ikiwa peke yake. Mara nyingi utaikuta ndani ya B flati 7, ambayo ni B flati, D, F, A flati.

Usiziruke kodi hizi kutoka mzizi hadi mzizi. Jaribu mfuatano huu, mkono wa kulia ukiwa karibu na C ya kati na mkono wa kushoto ukipiga noti moja tu ya besi:

Besi E flati, kulia G, B flati, E flati (mi, so, do).
Besi C, kulia G, C, E flati (mi, la, do).
Besi F, kulia A flati, C, E flati (fa, la, do).
Besi B flati, kulia A flati, B flati, D (fa, so, ti).
Rudi: besi E flati, kulia G, B flati, E flati.

Angalia kinachosogea. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili, ni B flati pekee inayopanda hadi C. Kwenda ya tatu, ni G pekee inayopanda hadi A flati. Kwenda ya nne, C inashuka B flati na E flati inashuka D. Kurudi nyumbani, A flati inashuka G na D inapanda E flati, huku B flati ikibaki palepale. Mkono hauhami kabisa. Mpiga anayefanya hivi husikika ametulia hata kama hajui kitu kingine, na waimbaji hawapotezi noti zao kwa sababu kinanda hakiwarukii.

Mkono wa kushoto usipige kodi ya noti tatu zilizobanana chini sana. E flati, G na B flati zikibanana oktava mbili chini ya C ya kati zinatoa mngurumo, hasa kwenye spika za kanisa zenye besi nzito. Piga E flati peke yake, oktava, au E flati na B flati, kisha mi iachie mkono wa kulia.

Sauti nne

Kosa linalojirudia kuliko yote kwa watunzi wanaoanza liko kati ya fa na so. Kodi za A flati na B flati ni jirani, kwa hiyo mtunzi anainua sauti zote nne kwa pamoja. Matokeo yake, A flati na E flati zinakwenda B flati na F zikiwa na umbali uleule wa noti tano, na sauti mbili zinageuka kila moja kuwa kivuli cha mwenzake. Dawa ni besi ipande na nyingine zote zishuke. Hivi:

Soprano: C, B flati, B flati (la, so, so)
Alto: A flati, F, G (fa, re, mi)
Tenori: E flati, D, E flati (do, ti, do)
Besi: A flati, B flati, E flati (fa, so, do)

Soprano iko juu ya C ya kati, C yake ikiwa ni ile ya oktava moja juu. Alto iko chini yake moja kwa moja, tenori inaanzia E flati iliyo juu kidogo ya C ya kati. Besi inaanza A flati, oktava moja na zaidi chini ya C ya kati, na inamaliza kwa kupanda hadi E flati.

D ni ti, na katika kodi ya B flati apewe mtu mmoja tu. Ukiwapa D alto na tenori kwa pamoja, wote wawili watataka kwenda E flati, na hapo umepata sauti mbili zinazofanya kazi moja. Vivyo hivyo ukiongeza A flati kwenye B flati 7: hiyo ni fa na inataka kushuka G. Mtunzi anayeipandisha B flati huwafanya waimbaji wakosee kila mara, na mwalimu huwalaumu bure.

Angalia pia mwisho wa besi. E flati ya chini kabisa, iliyo oktava moja chini ya ile tuliyomalizia, iko nusu toni chini ya E ambayo vitabu huihesabu kuwa ukingo wa besi ya kawaida. Kwenye kwaya nyingi watu wawili au watatu wataipata na wengine watanyamaza. Ukiitaka kwa uzito wa mwisho, andika zote mbili, ya juu na ya chini, kila mtu achague.

Je, wimbo wako unafaa kuwekwa E flati? Tazama noti ya juu kabisa ya soprano. Wimbo unaotembea kati ya do na do ya juu unakaa vizuri sana, hata waumini wote wanaufikia. Ukifika re ya juu (F), kwaya itamudu lakini waumini wataanza kupiga kelele. Ukifika mi ya juu (G), shusha wimbo hadi C au D. Na kama melodi imelala chini, kati ya so ya chini na so ya juu yake, E flati itawazamisha soprano hadi B flati iliyo chini ya C ya kati. Hapo uweke G, soprano waanzie D.

Kutoa do bila kinanda

Mwalimu mwenye uma wa A (uma wa chuma unaotoa noti A ukigongwa) anapata shida hapa, kwa kuwa A naturali haimo kwenye ngazi hii. Njia fupi: piga uma, imba A, panda nusu toni moja. Hiyo ni B flati, iite so. Imba so, mi, do ukishuka, na do yako ni E flati. Mwenye uma wa C ana kazi nyepesi zaidi: C ni la, panda la, ti, do.

Kwaya inayoimba bila ala huzama taratibu, na mara nyingi mi na ti, yaani G na D, ndizo zinazoanza kulegea, pamoja na noti inayorudiwa mara nyingi kwa pumzi inayokwisha. Ubeti wa tatu ukiisha, gusa E flati kwa sauti ndogo sana usikie mko wapi. Kama mmeshuka nusu toni, kinanda kisiingie katikati ya wimbo. Au kiingie kwa transipozi −1, na hapo ndipo batani ile ina kazi ya maana. Mazoezini, waimbishe G peke yake juu ya E flati inayoshikiliwa na besi, kisha D ikipanda E flati kwa nusu toni iliyobana. Kuwaambia tu "pandisheni" hakusaidii, kwa sababu soprano watapanda na tenori watabaki.

Kuhama na kurudi

Ufunguo huu una majirani watatu wa karibu, na kila mmoja unaingia kwa noti moja iliyobadilishwa. Kwenda B flati meja, fa inapanda nusu toni kuwa A naturali (fe kwa wanaosoma do re mi), kupitia F 7: F, A, C, E flati. Kwenda A flati meja, ti inashuka kuwa D flati (ta), kupitia E flati 7. Kwenda C maina, so inapanda kuwa B naturali (se), kupitia G 7. Alama ya naturali inafanya kazi ndani ya bari ile tu. Ikivuka mstari wa wima imekwisha. Hata hivyo andika flati ya kukumbushia kwenye bari inayofuata, maana alto aliyeimba A naturali sekunde mbili zilizopita ataiimba tena.

Siku hizi kuna mtindo wa kupandisha ubeti wa mwisho nusu toni, hadi E meja, kupitia B 7. Kwa kinanda na sauti pekee haina shida. Ukiwa na tarumbeta usiithubutu: utakuwa umewatoa kwenye flati moja na kuwatupa kwenye shapu sita. Panda toni nzima hadi F, kupitia C 7, na kwanza uhakikishe soprano hawana re ya juu, ambayo sasa itakuwa G.

Ala nyingine

Tarumbeta na klarineti za B flati huandikiwa toni moja juu, kwa hiyo karatasi yao ni F meja, flati moja. Saksofoni ya tenori nayo inasoma F, ila noti imeandikwa oktava moja na toni juu ya inavyosikika. Saksofoni ya alto ni ala ya E flati: kwake huu ni C meja, hakuna flati wala shapu. Honi ya F inasoma B flati meja. Tromboni ya okestra inasoma E flati ileile ya kinanda. Ndiyo maana wenye ala za shaba wanaupenda ufunguo huu, na si jambo la jana: simfonia ya 3 ya Beethoven iko E flati meja na ina honi tatu, ambazo kwa sehemu kubwa ni za E flati.

Kabla ya kuandika karatasi, uliza bendi husoma vipi. Kwa desturi ya Kijerumani ya bendi za tarumbeta za kanisani, wapiga husoma sauti halisi kama kinanda, hata ala ikiwa ya B flati. Kwa desturi ya Kiingereza, kama katika bendi za Jeshi la Wokovu, karibu kila mtu hupewa karatasi iliyohamishwa. Ukikosea hapo, wenye ala za B flati watapiga toni moja mbali na kwaya.

Gitaa ndilo linalonung'unika, na lina haki. Kati ya nyuzi zake sita, ni D na G pekee zinazofaa zikiachwa wazi. E mbili, A na B zote ziko nje ya ngazi. Weka kapo (kibanio cha kubana nyuzi zote) freti ya 1 upige maumbo ya D, G, A7 na B maina, au freti ya 3 upige maumbo ya C, F, G7 na A maina. Ya kwanza ina mlio mpana zaidi. Gitaa la besi halihitaji kapo, ila E flati ya chini haimo kwenye nyuzi nne za kawaida, kwa hiyo apige ile iliyo freti ya 6 kwenye uzi wa A.

Na tarumbeta zikitoka kwenye masanduku asubuhi ya baridi zitakuwa chini ya kinanda. Waache wapige dakika kumi kwanza, kisha uwape B flati ya kulinganishia, ambayo kwao ni C. Anayesikika chini aingize bomba la kurekebishia ndani kidogo, anayesikika juu alivute nje.